Ugali Ulionuka Dagaa

Koku mwanangu,

Umeme umekatika tangu mchana, na mimi nimekaa juu ya gunia la pumba kwenye mashine yetu ya kusaga, nakuandikia kwa mwanga unaoingia mlangoni. Nje kuna watu na ndoo zao za mahindi. Wananichungulia, wanadhani naandika foleni. Wacha wadhani. Neno ulilolisema Jumapili limenikaa kooni wiki nzima, na kesho alfajiri unapanda basi, kwa hiyo nisipolijibu leo nitalijibu lini?

Maagizo sina. Mama yako amekupa ya kukutosha mpaka ustaafu. Nimemsikia jana akikwambia kwa mara nyingine kuhusu chandarua, na maji ya kuchemsha, na usianze kwa kumzoea mwalimu mkuu. Wewe unaitikia "ndiyo mama" huku unakunja nguo. Mimi nitaandika yale yanayonishinda kusema uso kwa uso, maana wewe na mimi tukianza kuongea tunapandishana sauti, na mama yako anaishia kutufukuza sebuleni wote wawili.

Jumapili nilikwambia kwamba watu wa jumuiya yetu ya kanisa watakuja alfajiri ya safari kukuombea, kama tunavyomfanyia kila mtoto wa mtaa huu anayetoka kwao. Unaijua desturi yetu. Wanaimba wimbo mmoja mlangoni, wanaingia, wanakuwekea mikono, wanakukabidhi kwa Mungu, ndipo unatoka na begi lako. Wewe ukaweka kijiko chini, ukasema, "Baba, mimi sitaki. Wakija watakuta nimeshaondoka."

Nikauliza kwa nini.

"Nimechoka kushukuru, baba. Maji yakikatika tunashukuru. Umeme ukikatika tunashukuru. Nimepangiwa kufundisha Ngara, mwisho wa nchi, na watu wanataka kuja kunishukuria. Hiyo siyo imani. Ni kukubali kila kitu. Ndiyo maana hapa hakuna kinachobadilika."

Mama yako akasema, "We Koku!" Mimi nikaendelea kula, na wewe ukadhani nimekasirika. Nilikasirika kweli, sikatai. Sahani ile sikumbuki hata nilikula nini. Lakini ningekasirika zaidi kama ungekaa katikati ya wale akina mama umefumba macho, huku moyo wako umeshafika stendi. Angalau ulinipa neno la kweli, na mtu akinipa neno la kweli namjibu kwa la kweli.

Basi nianze na mimi. Wewe unamjua baba ambaye umeme ukikatika anatoka nje kusalimia wateja. Yule aliyemtangulia humjui, na shukuru humjui. Mtu yule umeme ukikatika alikuwa anapiga mota mateke. Wateja walikuwa wanasogeza ndoo zao pembeni, hawasemi kitu, wananiogopa. Nilikuwa nawatukana watu wa umeme, namtukana aliyebuni waya, nikimaliza nawageukia wateja: "Mnanitazama nini? Mimi ndiye niliyekata?" Halafu Jumapili navaa suti, nafunga tai, naketi benchi la mbele. Sala zote nilizikariri tangu utoto Bukoba na nilizisema bila kukosea. Ungeniuliza kama namwamini Mungu ningekuona umenivunjia heshima.

Hadithi ya ugali wa dagaa unaijua. Husimuliwa kwenye kila harusi ya hapa mtaani, na kila msimulizi anaongeza chumvi yake. Lakini umeisikia kama kichekesho. Upande wangu sijawahi kukusimulia, kwa sababu nilikuwa naona haya.

Ulikuwa hujaanza shule. Wakati huo nilikuwa na mashine moja tu, na mashine moja ina utaratibu wake. Yanatangulia mahindi, unafuata udaga, ile mihogo mikavu, unafuata mtama. Dagaa wa kulisha kuku wanasagwa mwisho kabisa, tena Jumamosi jioni peke yake. Ukishawasaga hao unapitisha pumba mara kadhaa, unafungua ule wavu wa kuchujia, unapiga brashi kila kona, kisha unaacha mashine wazi ipate hewa usiku kucha. Hakuna msagaji wa huku ziwani anayeruka hatua hiyo. Akiiruka mara moja, wateja wanahama.

Jumamosi ile ilikuwa ya kuamkia Sikukuu ya Mavuno. Usharika ulikuwa umeniomba nisage mahindi ya ugali wa watu wote watakaokula baada ya ibada. Nikasema nitasaga bure. Na nililisema hilo neno "bure" kwa sauti, ili wasikie hata waliokaa nyuma. Siku yenyewe umeme ukakatika asubuhi, ukarudi jioni, na mahindi ya kanisa yalikuwa bado hayajafika. Aliyekuwepo ni Mama Byera, wakati huo ndiyo kwanza amehamia mtaani kwetu na kuku wake, hajawa mwenyekiti wa jumuiya kama leo. Nikaanza kusaga dagaa wake. Katikati, umeme ukakatika tena. Dagaa wakabaki tumboni mwa mashine, nusu wamesagika. Nikapiga teke la kawaida, nikafunga mlango, nikaenda kulala nimenuna.

Umeme ukarudi alfajiri. Nikakimbia kufungua, nikakuta akina mama wa kanisa wameshafika na magunia, wanahema, wanasema tumechelewa. Nilikuwa na mafua siku hiyo, pua imeziba kabisa, hata sabuni nilioga bila kuinusa. Nikamimina mahindi. Nikasaga. Sikufungua wavu, sikupitisha hata kiganja cha pumba. Akina mama wakabeba unga wakaondoka mbio, na mimi nikaenda kufunga tai.

Ibada ikaisha, mnada ukaanza. Ndizi, mayai, maboga, jogoo mmoja aliyemkimbia mnadishaji mpaka chini ya meza ya mchungaji. Mchungaji akanisimamisha mbele ya watu, akanishukuru kwa jina. Nikafunga kifungo cha koti, nikainama kidogo hivi, kichwa kimenivimba sawasawa.

Kisha vikafunuliwa vyungu vya ugali. Jamani, Koku. Ule mvuke ulipotoka, ukumbi mzima ukawa unanuka kama mwaloni wanakoanika samaki. Mimi na mafua yangu sikusikia kitu. Niliona tu watu wanatazamana, na mama yako ananitazama mimi, amefunika mdomo kwa kanga. Aliyepangiwa kuombea chakula alikuwa Mama Byera. Akasimama. Akanusa mara moja, akanusa tena, akawatambua dagaa wake. Nilimwona anavyotambua. Akafumba macho akasema, "Baba, tulikuomba ugali, umetupa. Mboga hatukuomba, nayo umeitia humohumo. Tunakushukuru, waitu, Baba yetu. Amina."

Walicheka mpaka mzee mmoja wa kanisa akaangusha miwani yake kwenye mchuzi.

Hapo ndipo wasimulizi wa harusini wanapoishia. Hawasemi kwamba mimi nilitoka. Nilitoka kwa mlango wa nyuma, nikashuka moja kwa moja mpaka ziwani, nikakaa kwenye mawe na suti yangu. Nikamgombeza Mungu. Kwa sauti, mwanangu, peke yangu, kama mwehu. Nilimwambia: mimi nimesaga bure. Bure! Kuna waliokuja mikono mitupu, na hao unawachekesha, mimi niliyetoa unaniumbua. Umeme unakata wewe, mafua unanipa wewe, halafu mbele ya mchungaji unaniacha. Kuna mengine nilimwambia ambayo sitayaandika, mama yako anaweza kuiona barua hii. Niliendelea mpaka sauti ikakauka.

Nilipomaliza nikashtuka. Kumbe miaka yote ile nilikuwa sijawahi kuongea naye. Nilikuwa namsomea risala. Siku hiyo ndiyo kwanza nilimwambia jambo lililokuwa moyoni mwangu, na jambo lenyewe lilikuwa matusi, na sikuungua. Sitakudanganya kwamba nilisikia sauti au niliona nuru. Nilisikia njaa. Lakini nilijua kwa hakika kwamba nimesikilizwa, na kwamba aliyenisikiliza hajaondoka. Ukiniuliza Yesu kwangu ni nani, sina jibu la kutoka kipaimara. Ni yule niliyemgombeza pale kwenye mawe akabaki.

Nikarudi. Walikuwa bado wanakula. Mama yako alikuwa amenifunikia sahani yangu kwa jani la mgomba. Na wewe, mdomo umeujaza, ukanikimbilia ukaniambia, "Baba, na kesho usage hivihivi!" Nikakaa, nikala. Ulikuwa mbaya, wasikudanganye. Pamoja na mafua yangu niliuonja ubaya wake. Nikasema asante moyoni, na nilivyoisema nilikuwa nimebana meno. Hiyo ndiyo shukrani yangu ya kwanza maishani na haikuwa na utamu wowote.

Ngoja kidogo, kuna mtu ananiita.

Nimerudi. Alitaka kujua kama aache ndoo yake aende sokoni. Nimemwambia aache.

Sikugeuka malaika baada ya siku ile. Wiki iliyofuata umeme ulikatika na mguu wangu ukainuka wenyewe kuelekea kwenye mota. Nikaushusha. Sikujua nifanye nini na hasira yangu, ikabidi nitoke nje. Na nje ndipo nilipogundua kwamba watu niliokuwa nawasagia kwa miaka sikuwa najua majina yao. Ukifanya kazi hii unajua. Mashine ikiwa inanguruma, kutwa nzima ni kupigiana kelele: "Dona au sembe?" "Laini!" "Lete ndoo!" Husikii zaidi ya hapo. Umeme ukikatika ndipo masikio yanapozibuka. Nikaanza kumsalimia mmoja mmoja, mwanzoni kwa kujilazimisha, tena nikiona aibu. Wengine walinitazama wakadhani nimekunywa.

Siku moja katika kukatika huko, Mama Byera akaja akakaa kwenye benchi, ndoo yake tupu. Nikamuuliza dagaa wako wapi. Akasema, "Sina kuku wa kuwalisha. Kideri kimewamaliza wote. Ila Jumamosi nimezoea kuja hapa, nikajikuta nimekuja." Mimi ninayejulikana kwa maneno nikamsogelea kwenye benchi. Nikakaa naye tu. Tulitazama watu wakipita, tukasema habari za mvua, kisha akanyanyuka akaenda kwake. Je, nilimshukuru Mungu kwa umeme kukatika? Hapana. Nilimshukuru kwamba siku ile umeme ulipokatika, nilikuwa nimekaa karibu na yule mama. Ungewaka angenikuta nanguruma na mashine, angesimama mlangoni kidogo, angerudi nyumbani na ndoo yake.

Sasa hilo la kukubali kila kitu. Hapo umenigusa penyewe, na nusu ya maneno yako nayakubali. Wapo watu wanaotumia shukrani kama pamba ya kuziba midomo ya wenzao. Mimi mwenyewe niliwahi kuambiwa, "Mzee, mshukuru Mungu kwa ulicho nacho," na aliyeniambia alikuwa na funguo mkononi, anataka niondoke mlangoni pake. Ukikutana na shukrani ya namna hiyo huko uendako, ikatae. Nina hakika Mungu naye anaikataa.

Lakini umesema hakuna kinachobadilika, na hapo umekosea, tena nakwambia umekosea. Bomba la mtaani kwetu linatoa maji. Siyo kila siku, ila yanatoka. Wewe ulikuwa shule ya bweni, ukarudi likizo ukakuta maji, ukachota, ukadhani yalijileta. Kabla ya hapo tulikuwa tunasimama juu kwenye mawe tunalitazama ziwa lote lile, na chini kwenye ndoo hakuna hata la kunawa. Tuliokwenda kudai maji ofisini ni walewale wa jumuiya, wale unaowaona wanashukuru shukuru. Tuliambiwa njooni wiki ijayo. Tukaja. Tukaambiwa mhusika amesafiri. Tukasema tutamsubiri, tukakaa kwenye mabenchi yao, Mama Byera akatoa mayai ya kuchemsha akatugawia, akampa na mlinzi.

Na nani unadhani alitaka kuondoka siku ya kwanza kabla ya saa sita? Baba yako. Nilisimama nikataka kurusha kiti. Akina mama wakanivuta koti, "Kaa chini, Baba Koku." Wao walikuwa na hasira kama mimi, ila hasira yao ilikuwa imekula na imelala vizuri. Yangu ilikuwa na njaa. Nilikaa. Tulirudi pale mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka, na kila tulipotoka mikono mitupu mtu mmoja aliomba pale pale kando ya barabara, akashukuru kwa kuwa tumetoka salama na tutarudi. Ile "tutarudi" walikuwa wanaisema ndani ya sala. Mpaka yule mhusika akachoka kutuona. Kwa hiyo usiniambie kwamba anayeshukuru amekubali. Mimi niliyekuwa sishukuru ndiye niliyekaribia kwenda nyumbani.

Ngara pia sitakwambia umshukuru Mungu kwa ajili yake. Hujafika, hujaiona, utamshukuru kwa lipi? Ukifika ukakuta paa la darasa linavuja, usiwaambie watoto washukuru. Piga kelele, andika, nenda wilayani, kaa kwenye benchi. Ila usiwe mwalimu wa kupiga mota mateke. Watoto wanasogeza ndoo zao pembeni, mwanangu, na hawakwambii.

Kuna jambo jingine, na hili ni gumu, nimeliacha mpaka sasa kwa makusudi.

Kesho basi lako litapita Kigongo. Utavuka kwa daraja, upepo wa ziwa unaingia dirishani, kabla hujamaliza kutafuta simu kwenye mkoba utakuwa umefika ng'ambo ya Busisi. Kabla ya daraja palikuwa na kivuko na foleni. Babu yako alipofariki Bukoba, mimi na baba yako mkubwa tuliondoka hapa asubuhi, tukafika pale Kigongo tukakuta magari yamepanga mstari mpaka huoni mwisho. Kivuko kimoja kilikuwa kibovu. Mimi nikashuka kwenye gari. Niligombana na kila mtu: wenye malori, wakata tiketi, mwanamke mmoja aliyekuwa anauza mahindi ya kuchoma ambaye hata hakuwa na kosa. Tulipovuka jua lilikuwa limeshageuka. Tulipofika nyumbani walikuwa wameshamzika baba yetu kibanjani, kwenye migomba yake. Udongo ulikuwa bado mbichi, na watu wanaosha majembe.

Hilo sijalishukuru. Nakwambia kweli, mbele za Mungu anayenisoma sasa hivi. Nimejaribu, na kila nikijaribu maneno yanakwama, na siku hizi nimeacha kujilazimisha. Namwambia tu, "Lile la Kigongo bado." Anajua.

Lakini linaloniuma zaidi si kaburi. Baba yako mkubwa alikaa ndani ya gari muda wote ule, peke yake, kitambaa usoni. Alikuwa anamlilia baba yake. Mimi na yeye tulikuwa na mchana mzima wa kukaa pamoja na kumlilia mzee, kukumbuka alivyokuwa anatufukuza kwenye kahawa yake, alivyokuwa anacheka kwa kupiga goti. Msiba wetu ulikuwa ndani ya lile gari. Mimi nilikuwa nje nagombana na muuza mahindi. Tangu hapo, kila kitu kikinikwamisha, kabla sijafungua mdomo najiuliza: nani yuko kwenye gari? Sijapata jibu bora kuliko hilo la nini maana ya kumshukuru Mungu. Mara nyingi pana mtu. Leo, kwa mfano, ni wewe, na kama umeme ungekuwepo ningekuwa nasaga, barua hii nisingeiandika.

Nimetoka tena. Safari hii nilikwenda mwenyewe, hakuna aliyeniita. Mama Byera yuko hapo nje tangu saa tisa na ndoo yake, kuku wake wa sasa ni wengi kuliko wale wa zamani. Nikamwambia, "Mama Byera, kesho msije."

"Kwani Koku anaumwa?"

"Haumwi. Hataki."

Akanitazama. "Hataki nini?"

Nikamwambia yote, kama ulivyosema, bila kupunguza. Nilidhani atacheka, maana yeye hucheka. Hakucheka. Aliumia, Koku, na nakuandikia ili ujue. Amekushika tangu hujaanza shule. Akasema, "Na kwaya nilishawaambia." Akapangusa ndoo yake kwa ncha ya kitenge, akapangusa tena mahali palepale. "Haya. Nitawaambia wasije. Ila mimi nitamwombea jikoni kwangu, hapo hawezi kunizuia."

"Hakuna anayekuzuia," nikamwambia.

"Na wewe umekubali?" akaniuliza. "Wewe baba mtu, umekubali atoke hivihivi?"

Nimerudi na swali hilo kwenye gunia hili. Nikuambie nilichokikuta. Nilikuwa nataka uombewe, ndiyo. Lakini nilikuwa nataka pia mtaa uone binti yangu mwalimu anawekewa mikono, na mimi nimesimama pembeni na koti langu nimelifunga kifungo. Ni mtu yuleyule wa Sikukuu ya Mavuno. Hafi upesi. Kwa hiyo nimeamua, na nikiamua unanijua: hutawekwa mbele ya watu ushukuru kitu ambacho hujakiona. Ukitaka kumgombeza Mungu huko Ngara, mgombeze. Ila usimsomee risala. Na usimnyamazie. Mtu wa kumnyamazia ndiye ninayemwogopea, na hapo ndipo nakuomba, sikuamrishi, nakuomba mwanangu: siku ukiwa na hasira kweli kweli, umeme hakuna, mvua imeingia ndani, umechoka na watoto wa watu, mwambie Yeye. Mwambie kwa sauti ya Jumapili ile, ukiwa umeweka kijiko chini.

Naogopa, Koku. Siogopi Ngara. Naogopa kwamba utatoka nyumbani kwangu ukidhani kile ulichokiona miaka yote, sisi kukaa gizani na kusema asante, ilikuwa unyonge. Haikuwa unyonge. Ndiyo kazi ngumu kuliko zote nilizofanya, na bado sijaifahamu vizuri, na nimeifanya vibaya mara nyingi.

Basi kesho hakutakuwa na wimbo mlangoni. Nitabeba begi lako kubwa mpaka stendi ya Nyegezi, na sitafungua mdomo kuomba. Nimesema. Ila kukuacha uende hivihivi, hapana, nimejitahidi nimeshindwa. Pale kwenye mlango wa basi nitakuwekea mkono begani, kama baba yeyote anavyofanya. Ukiona nimechelewa kuutoa, kondakta anapiga kelele, watu wanatusukuma kwa nyuma, usinitikise na usiniulize kitu. Niache nimalize, halafu panda.

Baba yako